Gettysburg kwa gari: mwongoza watalii anashika usukani wako

Kutoka Minneapolis tuliendesha siku mbili hadi Gettysburg, Pennsylvania, uwanja wa mapigano ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, yote sababu ya kijana wangu anayependa vita kuliko hesabu. Huko mwongoza watalii mwenye leseni huendesha gari lako mwenyewe kwa saa mbili hivi. Kumpa funguo nilisita, nakiri.

Aliposikia tunatoka Minnesota, alitupeleka moja kwa moja kwenye mnara wa askari anayekimbia na bunduki. Tarehe 2 Julai 1863 Jenerali Hancock wa jeshi la Muungano (Kaskazini) aliamuru kikosi cha kwanza cha Minnesota kiwavamie Wakonfederate, askari wa Kusini, waliokizidi mbali kwa idadi. Hesabu inayosimuliwa siku zote ni kwamba kati ya watu 262, waliobaki wamesimama ni 47. Walikuwa wakulima, wakata miti, makarani. Baadhi ya kombania zilianza kama wanamgambo wa miji, mfano Stillwater na St. Paul. Gavana wa Minnesota, Ramsey, aliyekuwa Washington Aprili 1861, aliahidi Muungano askari 1,000 kabla ya jimbo lingine lolote.

Mwanangu, ambaye hanyamazi hata kanisani, alinyamaza.

Bebeni maji, jua la Julai pale halina huruma. Kiti changu bado sijakirudisha sawa, mzee yule ana miguu mirefu ajabu. Nyota tano.