ELM327 ya Bluetooth: inatosha kwa injini, ila chagua kwa makini

Taa ya injini ikiwaka kwenye gari la petroli, ELM327, kidude cha bei nafuu cha kusomea kodi za hitilafu kwa simu, kinatosha. Kichomeke kwenye soketi ya matundu 16 chini ya dashibodi, funguo iwe ON bila kuwasha injini, kisha unganisha simu; namba ya siri huwa 1234 au 0000. Fungua programu ya Torque au Car Scanner, soma kodi. Kwa iPhone tafuta ya WiFi au Bluetooth LE, hii ya kawaida haiunganishi.

Usikimbilie kufuta. Fungua kwanza kumbukumbu ya hali ya injini kodi ilipoingia: mzunguko, joto la maji, mwendo. Ukifuta, nayo inapotea.

Ubora wake hasa uko kwenye vipimo vya papo hapo. P0171 ina maana mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli, na watu wengi hununua sensa ya oksijeni bure. Tazama marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta ya gari inaongeza au kupunguza, ya muda mfupi na ya muda mrefu. Jumla ikizidi +10% injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyaga mafuta), halafu ikashuka ukishikilia mzunguko wa 2,500 kwa dakika, kuna hewa inapenya baada ya throto (mlango wa hewa ya injini): mpira wa vakyumu umepasuka au gasketi ya manifoldi imechoka. Ikipanda kadiri unavyokanyaga, shuku sensa ya hewa iliyochafuka, filta ya mafuta au pampu dhaifu. Kwa P0301, yaani silinda ya 1 haichomi sawasawa, hamishia koili ya silinda ya 1 kwenye ya 3, futa, endesha. Ikirudi P0303, koili imekufa. Ikibaki P0301, geukia plagi, kisha nozeli.

Kasoro zipo. ABS na eabegi kwa kawaida haisomi. Ikiachwa imechomekwa hunyonya betri. Feki ni nyingi: ELM Electronics haikuwahi kutoa toleo la 1.5, na nyingi zenye maandishi 2.1 zinagoma kwenye magari yanayotumia laini ya mawasiliano ya tundu la 7.

Toyota za soko la Japani za kabla ya 2008, kama Vitz na IST za mwanzo, baadhi hukataa kabisa kuunganishwa na kidude hiki. Hapo unganisha tundu la 4 na la 13 kwa kipande cha waya, funguo ON, hesabu mimweko ya taa ya injini. Ikimweka harakaharaka bila kupumzika, hakuna kodi. Waya usiguse tundu la 16: lina umeme wa betri muda wote, na fyuzi itaungua papo hapo.