Kalamu ya kromu ya Molotow kwenye hotrodi za 1/25: inafaa wapi, inaharibu wapi

Molotow Liquid Chrome ni kalamu ya Kijerumani yenye wino wa kromu, ambayo wajenzi wa modeli za plastiki za magari huitumia, na mng'ao wake hauna mpinzani miongoni mwa rangi za fedha zinazopakwa kwa brashi. Ila ina ila yake: haipendi kuguswa. Anayeinunua kwa kutazama picha za mtandaoni, akaipaka kwenye rimu kisha akavisha tairi, atajuta siku hiyohiyo.

Mfano mzuri wa kuipimia ni Ford ya 1932, ile ambayo wapenzi wa hotrodi (magari ya zamani yaliyoongezwa kasi) huiita Deuce, katika seti za kampuni ya Revell za kipimo cha 1/25, yaani modeli ndogo mara 25 kuliko gari halisi. Ukiijenga bila madigadi, ekseli ya mbele, shokapu, mikono inayoishika ekseli na mabano ya taa vyote vinabaki nje, machoni pa kila mtu. Vipande vingi vya aina hii hutoka kiwandani vikiwa na kromu tayari, na kromu hiyo si mbaya. Kinachoudhi ni vikonyo: kila kipande kimeshikwa kwenye fremu ya plastiki, na ukikikata kinaacha doa tupu. Kwa kazi ya kuziba doa hilo, kalamu yenye ncha ya mm 1 inastahili bei yake yote.

Kata kikonyo kwa koleo kali ukiacha kama mm 1 ya plastiki, kisha malizia kwa msasa namba 600, halafu 1000, halafu 2000. Usiruke hatua ya mwisho. Wino huu ni mwembamba na unaiga uso ulio chini yake. Mkwaruzo wa msasa wa 600 utaonekana kama mfereji. Gusa doa kwa tone moja, uliache lijisambaze lenyewe. Rangi haitalingana kabisa na ya kiwandani, kwa hiyo geuza upande wenye doa uelekee chini au ndani kila inapowezekana.

Mshono wa ukungu, yaani mstari ulioachwa na kalibu ya kiwandani, ni habari nyingine. Ukipita katikati ya taa ya mbele au juu ya ekseli, kalamu haiwezi kuuficha. Kromu huanika kila kasoro. Hapo inabidi kuvua kromu yote ya kiwandani. Jik ya kawaida ya dukani inatosha: loweka kipande kwenye chombo cha plastiki au kioo, safu ya chuma itayeyuka, mara nyingi ndani ya dakika chache, kisha suuza kwa maji mengi. Usiichanganye na siki, amonia wala dawa nyingine yoyote ya usafi, maana mvuke wake ni sumu. Chini ya kromu hubaki tabaka la vanishi linalojaza michoro midogo. Hilo halitoki kwa Jik. Linahitaji dawa ya kusafishia oveni yenye soda kali, na glavu mkononi.

Baada ya kusawazisha mshono, paka praima nyembamba, kisha rangi nyeusi ya kung'aa. Weusi si sharti, kwa kuwa wino wa Molotow unafunika vizuri hata juu ya plastiki nyeupe. Sharti ni ulaini. Uso ukiwa na vipele kama ganda la chungwa, utapata kitu kinachofanana na sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga.

Sasa matumizi yenyewe. Tikisa kalamu vizuri, ibonyeze ncha juu ya kipande cha plastiki cha kutupa hadi ilowe, ndipo uende kwenye modeli. Kamwe usiibonyezee juu ya kazi. Valvu ikifunguka inamwaga bwawa, na bwawa hilo litaingia kwenye kila pembe ya tapeti kava. Paka mara moja, umejaza, kisha toa mkono. Kosa linaloharibu kazi nyingi zaidi ni kurudia sehemu iliyoanza kukauka: ncha inachana ngozi ya wino, na pale palipochanika panageuka kijivu. Ukikosea, futa yote kwa pombe ya isopropili na uanze upya, lakini angalia kama rangi ya chini ni akriliki ya maji, kwani pombe hiyo itaing'oa nayo. Kwenye kona finyu, mimina wino kidogo kwenye kifuniko cha chupa na uchote kwa brashi laini.

Wino huonekana umekauka mapema, na hapo ndipo watu hudanganyika. Alama ya kidole inaweza kubaki hata baada ya siku kadhaa. Wiki moja ndani ya kisanduku kilichofunikwa ni muda wa busara, na hata baada ya hapo shika kwa kibano au kwa kijiti ulichogundisha mahali pasipoonekana. Rimu zivishwe tairi kwanza, ndipo upake mdomo wa nje. Sehemu za kugundishia zikwanguliwe hadi plastiki, maana gundi ya plastiki haishiki juu ya kromu ya aina yoyote. Supaglu nayo hutoa mvuke unaoacha ukungu mweupe juu ya mng'ao. Tumia epoksi, au gundi nyeupe kwa vipande visivyobeba mzigo.

Je, kliya, yaani vanishi isiyo na rangi, haiwezi kuilinda kromu hii? Inaweza, lakini unalipa kwa mng'ao. Kliya yenye thina kali inaigeuza kromu kuwa fedha ya kawaida mbele ya macho yako. Kliya ya maji, ikipakwa nyembamba baada ya wino kukomaa, inapunguza mng'ao kidogo tu. Kwa taa na eakilina, ambazo hakuna atakayezishika tena, afadhali kuacha bila kliya.

Pembezoni mwa vioo kalamu inashindwa kwa hesabu tu. Kwenye 1/25, mstari wa mm 1 ni sawa na mm 25 kwenye gari halisi, ilhali utepe wa kromu wenye mm 10 kwenye gari halisi unapaswa kuwa mm 0.4 kwenye modeli. Hapo Bare-Metal Foil, karatasi nyembamba ya chuma yenye gundi nyuma, inaishinda bila ubishi. Kata kipande kikubwa kuliko unachohitaji, kilaze, kisugue kwa kijiti cha meno hadi kifuate mchoro, halafu pitisha wembe mpya namba 11, ule wenye ncha kali wa kisu cha ufundi, bila kukandamiza. Wembe ukiwa butu karatasi inachanika. Karatasi iliyokaa miaka dukani gundi yake hukauka, hivyo jaribu kipande kidogo kabla ya kuigusa bodi iliyokwisha pakwa rangi.

Mwenye eabrashi (kifaa kidogo cha kupulizia rangi kwa hewa) asipoteze pesa kwenye kalamu za mm 4. Anunue chupa ya kujazia ya ml 30, ambayo wino wake ni uleule, na aupulize bila kuongeza thina kwa shinikizo la hewa la psi 15 hadi 20. Tofauti na Alclad II Chrome, rangi ya kromu ya kupuliza inayotaka ukungu mwembamba juu ya nyeusi inayong'aa, wino huu unataka tabaka lenye unyevu wa kutosha kujisawazisha. Ukipuliza kikavu utapata kijivu chenye chengachenga. Alclad II ndiyo ya kuchagua kwa bomba la ekzosi au kitu kipana, kwani haimwagiki pembeni. Molotow ni bora kwenye vitu vidogo vya mviringo kama taa na tapeti kava.

Halafu kuna suala la kiasi. Anayejenga gari la mtindo wa miaka ya 1940, la vijana waliokimbiza magari kwenye ardhi kavu ya El Mirage huko California, hana haja ya kromu kila mahali. Taa za mbele, fremu ya kioo na vifuniko vya rimu vinatosha, mengine yabaki na rangi au na praima. Ni kwenye gari la maonyesho tu ndipo ekseli inapong'aa kama kioo cha kunyolea.

Kwa kuanzia nunua ncha ya mm 1 pekee, pamoja na ncha za akiba zinazobadilishwa, kwa sababu ikipita juu ya rangi mbichi inabeba rangi hiyo na kuiacha kwenye mstari unaofuata. Ihifadhi ikiwa imelala, kifuniko kikiwa kimebanwa hadi kisikike kikilia.