Meza ya miguu ya umeme: niliinunua ili ishuke

Kila anayesifia meza ya kupanda na kushuka husifia kupanda. Picha ni ileile: mtu kasimama wima mbele ya kompyuta, kikombe mkononi, anatabasamu kama aliyepona ugonjwa wa miaka. Mimi yangu niliinunua kwa sababu inashuka. Nina urefu wa sentimita 156, natafsiri nyaraka nyumbani, saa saba au nane kwa siku vidole viko kwenye kibodi, na hii ni meza yangu ya tatu. Nimekaa nayo miezi minane sasa.

Ya kwanza niliichagua kwa macho. Mbao nzito, rangi ya asali, droo pana katikati. Nilipima chumba, nikapima mlango, nikapima mpaka umbali wa soketi. Mwenyewe sikujipima. Meza ile ilikuwa na kimo cha sentimita 76, na wala haikuwa kituko, kwani meza nyingi za kazi hucheza kati ya 72 na 76. Baada ya wiki tatu mabega yangu yalikuwa yanakaribia masikio. Nikapandisha kiti ili viwiko vifike juu, miguu ikaanza kuning'inia kama ya mtoto aliyekalia kiti cha mkubwa. Nikaweka rimu mbili za karatasi chini ya nyayo. Hapo mapaja nayo yakagota kwenye droo. Kila nikijivuta mbele, gongo! Nilikuwa na alama ya bluu juu ya goti la kulia ambayo haikupata nafasi ya kupona.

Ya pili siisemi sana. Ilikuwa na upana wa sentimita 50 tu kutoka mbele hadi nyuma, kitako cha skrini kikala karibu nusu yake, nikawa nasoma huku nimerudisha kichwa nyuma kama ninayekwepa kofi. Iliuzwa haraka.

Kabla ya hii ya tatu nikafanya nililopaswa kulifanya mwanzo. Nilikaa kwenye kiti changu, si cha dukani, nyayo zimelala sakafuni, mabega nimeyaachia, mikono nimeikunja kama nachapa. Dada yangu akashika futi kutoka sakafuni hadi chini ya kiwiko: sentimita 63. Kumi na tatu pungufu ya meza yangu ya kwanza! Akacheka, akasema, “Kumbe ulikuwa unachapa ukutani.”

Kutafuta meza ya kushuka mpaka 63 ndiko kulikonifundisha kwamba miguu ya umeme haifanani. Ile ya mabomba mawili yanayoingiana mara nyingi hugota kwenye 70 hivi. Ya mabomba matatu hushuka hadi karibu 60, na hupanda juu zaidi pia. Kwa mtu mfupi tofauti iko hapo, wala si kwenye rangi au idadi ya vitufe. Wauzaji huandika kwa herufi kubwa meza inapanda mpaka wapi, ya kushuka inabidi uitafute chini kabisa ya maelezo. Na ukiipata, angalia kama wamehesabu ubao wa juu. Yangu ilitangazwa sentimita 60, lakini hicho kilikuwa kimo cha fremu tupu. Ongeza ubao wa sentimita 2.5, unapata 62.5. Kwangu imekaa sawasawa. Angeinunua mfupi kuliko mimi angelia.

Ilifika katika maboksi mawili, lile la miguu zito la kubebwa na watu wawili. Kuiunga kulinichukua jioni nzima na spana ya pembe sita iliyonichubua kiganja. Miguu ni chuma kinene, mota mbili, moja kila upande, sina neno. Tatizo langu ni ubao.

Ubao umekuja vipande viwili ili uingie kwenye boksi, na kiungo kinapita katikati kabisa. Kwenye picha za matangazo hakionekani. Mezani kipo palepale panapokaa kiganja changu cha kushoto, na mausi ikivuka inadunda. Nimetandika mkeka wa meza juu yake, lakini kifundo cha mkono bado kinaujua ule ukingo, kama ulimi unavyojua jino lililovunjika. Halafu ni chipbodi, yaani chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, iliyovikwa melamini, ngozi nyembamba ya plastiki ngumu. Mwezi wa tatu maji ya glasi yalipenya kwenye kile kiungo. Niliyafuta mara moja, lakini kesho yake ubao ulikuwa umevimba kidogo mahali hapo, na chipbodi ikishavimba hairudi. Laiti ningenunua miguu peke yake, fundi akanichania ubao mmoja mzima, nisingekuwa nayaandika haya.

Kwa kukaa, meza imetulia kama imepandwa. Kwa kusimama naipandisha hadi 98, na hapo inaanza kuyumba. Si ya kuanguka, ila nikichapa kwa hasira skrini inatikisa kichwa. Warefu wanaosimama kwenye 115 wategemee zaidi. Nasimama mara mbili kwa siku, dakika ishirini hivi, zaidi wakati wa simu ndefu. Kusimama kutwa nilijaribu siku moja, visigino vikanikataza.

Sauti yake ni mvumo mdogo, haisikiki kwa mtu niliye naye kwenye simu. Vitufe vinne vya kukumbuka kimo, natumia viwili. Umeme ukikatika inabaki hapo ilipo, kwa hiyo sina tabia ya kuiacha juu.

Jambo moja ambalo kijitabu hakikulisema: nyaya. Mara ya kwanza kuipandisha, waya wa skrini ulikuwa umebanwa nyuma ya kabati. Meza ikapanda, waya ukakaza, skrini ikaanza kuinama kwa adabu kuelekea ukutani. Niliidaka kwa mkono mmoja huku nikitafuta kitufe kwa mwingine. Sasa ekstensheni nimeifunga kwa skrubu chini ya ubao, kila kitu kinachomekwa humo, na waya mmoja tu, tena mrefu, ndio unaoshuka ukutani. Kuhusu kile kihisi cha kuizuia isibane vitu: kipo na kinafanya kazi, ila baada ya kufikiri kwanza. Ndoo yangu ya takataka sasa ina umbo la yai.

Nyota nne kati ya tano. Iliyopungua ni ya ubao, na bado sijaacha kuukasirikia. Mabega yameshuka, rimu za karatasi zimerudi kwenye printa.

Ile meza ya kwanza aliichukua kaka yangu, mrefu wa sentimita 183. Anasema hajawahi kuona meza inayokaa vizuri kama ile.