Tahadhari: vipoza oili vya mtumba "vilivyosafishwa"

Wakuu mnaokimbiza magari ya mashindano kwa fedha zenu wenyewe, kaeni chonjo. Kuna muuzaji mtandaoni anauza vipoza oili vilivyotumika, na kila tangazo lake linasema "kimesafishwa, funga tu". Nje vinang'aa kweli, mapezi yamenyooka. Changu nilikitia mafuta ya taa, nikakitikisa na kukimwaga juu ya kitambaa cheupe. Zikatoka chenga zinazometameta, nyingine rangi ya shaba. Hizo ni beringi (vyuma laini vinavyobeba mhimili unaozunguka) za injini ya mtu. Nilipomtumia picha, akanifungia.

Injini ikinoki, pampu haisimami kwanza. Inaendelea kusukuma oili pamoja na vyuma vilivyosagika, na kipoza ndicho kinachovipokea. Ndani ya kila bamba la kipoza mna vibati vya mikunjomikunjo vya kuivuruga oili ili itoe joto, na mikunjo hiyo hiyo hunasa chenga mahali ambapo maji ya presha hayafiki. Ndiyo maana mafundi wengi wa injini za mashindano hukitupa kipoza pamoja na injini iliyokufa. Ukikifunga kwenye injini mpya, oili ikapata moto na gari likatetemeka, chenga zinaanza kuachia.

Msiseme filta itazizuia. Oili ikiwa baridi na nzito, au filta ikianza kuziba, vali ya pembeni hufunguka na oili hupita bila kuchujwa. Tena kuna mifumo ambayo kipoza kimekaa baada ya filta. Hapo chenga zinakwenda moja kwa moja kwenye beringi.

Jamaa ana video anapitisha sumaku mdomoni mwa kipoza, hainasi kitu. Ujanja mtupu! Uso wa beringi, ndio unaosagika kwanza, hutengenezwa zaidi kwa aluminiamu, shaba, bati au risasi, na sumaku haivuti hata kimoja kati ya hivyo.

Anauza pia bamba la kukaa chini ya filta, eti lina themostati, yaani vali inayoizuia oili isiende kwenye kipoza hadi ipate moto. Litumbukize kwenye sufuria ya maji, uchemshe huku ukiwa na kipimajoto. Nyingi huanza kufunguka karibu na nyuzi 80 za Selsiasi. La kwake halikucheza hata maji yalipotokota. Bila themostati, oili hukawia kufika nyuzi 90 hadi 120 ambazo injini nyingi za mashindano huzitaka, na dereva anaondoka kwa kasi oili ingali nzito.

Aliyekwisha kukifunga asiwashe gari tena. Kata filta, kunjua karatasi yake juani uangalie kama inameta. Ikimeta, fungua sampo (bakuli la oili chini ya injini) uzitazame beringi kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Siku hizi anatumia jina jingine, ila picha ni zile zile: meza ya bati yenye kutu, taulo la bluu.