Komodo, Indonesia: mbuga nyota tano, boti nyota mbili

Mbuga yenyewe, ya kuwaona kenge wakubwa wanaoitwa komodo, naipa nyota tano, boti tuliyokodi naipa mbili, tuanze hapo. Safari ni ndefu banange, kutoka Entebbe unabadilisha ndege mpaka ufike Bali, halafu unapanda nyingine ya kama saa moja hadi Labuan Bajo, kisiwa cha Flores, ndio mji wa kupandia boti. Kadi ya homa ya manjano usiiache nyumbani, sisi wa Uganda tunaulizwa.

Msitegemee misitu ya kijani kama ya visiwa vyetu vya Ssese, Ziwa Viktoria. Visiwa vya Komodo, Rinca na Padar ni vilima vya nyasi kavu na mitende hapa na pale, na jua linachoma vibaya sana, bebeni maji mengi.

Sisi tulishukia Loh Buaya, kule Rinca. Huruhusiwi kutembea bila renja, na renja wao habebi bunduki kama wa UWA, mamlaka yetu ya wanyamapori Uganda, ana fimbo ndefu yenye panda, kenge akisogea sana anamzuia nayo basi. Kabla ya kuanza anauliza nani ana kidonda, na akina dada walio kwenye siku zao waseme tu, hakuna aibu, kwa sababu hawa wananusa damu kwa ulimi kutoka mbali sana.

Sasa hawa wanyama wenyewe! Ni ukoo mmoja na kenge wetu wa kando ya Ziwa Viktoria, ila dume kubwa linafika mita 3 na kilo 70 hivi. Mdomoni wana sumu inayozuia damu kuganda, kwa hiyo hata nyati akiumwa akaponyoka wanamfuata polepole mpaka aishiwe nguvu. Watoto wakitoka kwenye yai tu wanakimbilia juu ya miti na kukaa huko, maana wakubwa wanawala. Nilisimama pale nikamtazama mmoja anavyopumua, sikutaka kuondoka.

Na kitu nilichokipenda kuliko vyote, hawalishwi. Zamani walikuwa wanachinjiwa mbuzi ili watalii waone vizuri, wakaacha, sasa unamkuta anavyoishi mwenyewe, leo anatembea kesho amelala kivulini siku nzima, na hiyo ndiyo heshima ninayoitaka kwa mnyama. Mbuga ipo tangu 1980, UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia 1991, lakini 2021 komodo alipandishwa kundi la walio hatarini kutoweka, joto linaongezeka na bahari inapanda, naye porini anaishi kwenye hivi visiwa na sehemu za Flores tu, hana pengine pa kuhamia. Inauma sana.

Kilima cha Padar kipandeni alfajiri kabla ya jua. Ufuko wa mchanga wa pinki ni mzuri, basi.

Boti sasa. Kampuni siitaji, ila laifu jaketi zilikuwa chache kuliko abiria, tukagoma kuondoka mpaka wakaleta zingine, na nahodha alinuna njia nzima. Mikondo ya maji kati ya vile visiwa ni mikali kwelikweli, ndugu zangu, hesabuni jaketi kabla hamjatoa hela, na muulize redio ya boti kama inafanya kazi.

Wakati mzuri naona ni Aprili mpaka Juni, vilima bado vina kijani kidogo. Julai na Agosti wanapandana, wengi wanajificha vichakani na utawaona wachache.