Kingamwili za RPS6: ipi ununue ukiwa Mombasa

Wanafunzi wa uzamili wakinijia, huuliza kwanza kingamwili ipi ya RPS6 (protini ya kushika RPS6 na kuionyesha kwenye jaribio) ni ya bei nafuu. Mimi huwaambia wapige hesabu ya bloti moja (jaribio la kuonyesha protini kama mistari kwenye utando), si ya kichupa. Maikrolita 100 za kingamwili ukizichanganya 1:1000 zakupa mililita 100. Utando mmoja ukila mililita 10, una bloti kumi, na zaidi ukiuweka mchanganyiko kwenye frija na kuutumia tena.

RPS6 ni mojawapo ya protini takriban 80 za ribosomu ya binadamu, yaani mtambo wa seli wa kutengeneza protini, na hukaa kwenye kipande kidogo, 40S. Wengi hawaitafuti yenyewe, wanatafuta fosfati zilizobandikwa juu yake, zinazoonyesha kama njia ya mTORC1, inayoiambia seli ikue, imewaka. Kwa hiyo bajeti iwe ya vichupa viwili: cha RPS6 yote, na cha ile yenye fosfati tu.

Nafasi ya kwanza naipa monokloni ya sungura (kingamwili za aina moja tu, zote sawa), hasa iliyotengenezwa kwa njia ya rekombinanti, yaani kutoka jeni iliyowekwa kwenye seli za maabara. Jeni yake inajulikana, kwa hiyo kichupa cha mwaka huu na cha mwaka ujao havipishani. Kwa upande wa fosfati hapa sina mjadala. Cell Signaling Technology wana D57.2.2E ya serini 235/236 na D68F8 ya serini 240/244; namba hizo ni mahali fosfati inapobandikwa kwenye RPS6. Zisikuchanganye: 235/236 hubandikwa fosfati na kimeng'enya cha RSK pia, kinachotoka njia nyingine kabisa. Kama swali lako ni mTORC1 peke yake, chukua ya 240/244.

Ya pili, monokloni ya panya, kama 54D2 ya kampuni hiyo hiyo. Nimeiweka ya pili, lakini kwa RPS6 yote mimi ndiyo ninayoinunua. Sababu ni kwamba ya fosfati imetoka kwa sungura. Hii ikitoka kwa panya, unasoma zote mbili kwenye utando mmoja kwa rangi mbili, bila kuosha na kuanza upya. Ila ukifanya kazi na tishu za panya, kingamwili ya kuonyeshea, ile inayoishika hii ya panya, itashika pia kingamwili za tishu zenyewe na picha itajaa ukungu.

Ya tatu na ya mwisho, polikloni ya sungura, mchanganyiko wa kingamwili nyingi kutoka damu ya mnyama. Bei yake huvutia. Niliwahi kununua moja kupitia wakala fulani; kichupa cha kwanza kilinipa mstari safi, cha pili, jina lile lile, mistari minne. Sungura alikuwa mwingine. Kwa jaribio la wiki moja sawa, kwa tasnifu ya miaka miwili usithubutu.

Kabla ya kulipa, itazame picha ya bloti anayoitoa muuzaji. Mstari wa RPS6 uwe karibu na kilodaltoni 32 (kipimo cha ukubwa wa protini). Akikuambia ameihakiki kwa seli zilizofutwa jeni hiyo, muulize zimeishije, maana seli haziwezi kukaa bila RPS6. Uhakiki wa maana ni wa kuipunguza RPS6 kwa siRNA, vipande vya RNA vinavyozuia protini isitengenezwe. Kwa ile ya fosfati, mstari uzimike seli zikipewa rapamycin, dawa inayozima mTORC1. Na GAPDH, protini ambayo wengi huipima kuhakikisha kila sampuli imewekwa kwa kiasi sawa, usiitumie hapa: iko kilodaltoni 36 hivi, itagongana na mstari wako. Aktini ya 42 au tubulini ya 50 itakufaa zaidi.

Sasa safari. Mzigo mwingi hushuka Nairobi kwanza, na ukikwama forodha Ijumaa, unaukuta Jumatatu barafu imeshayeyuka. Usilie mapema. Kingamwili tupu, isiyobandikwa kitu, ni ngumu, huvumilia siku chache za joto. Zinazoumia haraka ni zile zilizounganishwa na rangi au kimeng'enya, kwa hiyo hizo usiagize wakati wa kaskazi kama waweza kungoja. Omba kichupa kidogo cha maikrolita 20 kwanza: bloti mbili zatosha kujua.

Uliza pia imehifadhiwa kwenye nini. Yenye gliserini asilimia 50 haigandi kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, hivyo stima ikienda na kurudi Tudor nzima, yenyewe haigandi na kuyeyuka kila mara. Isiyo na gliserini igawe kwenye vichupa vidogo siku ile ile inapofika, kabla hata hujamjibu wakala.