Velvet Drive 71C imechoka: ununue nini kwanza?

Giaboksi hii ya Borg Warner imo kwenye boti nyingi za zamani za Marekani, na spea zake bado zinapatikana. Kabla ya kuagiza chochote, sugua kibati cha namba kilicho kwenye bodi ya giaboksi, unakili modeli, uwiano wa gia na namba ya mfululizo. Ya uwiano wa 1.5 na ya 1.9 hufanana kwa nje, na ukikosea, injini na rafadha havitaelewana tena.

1. Seti ya diski na sili. Hili ndilo chaguo letu la kwanza, mradi bodi haina ufa na gia hazijavunjika meno. Hakikisha ina diski za msuguano na sahani za chuma za gia ya mbele na ya nyuma, sili za mbele na nyuma, O-ringi na gasketi zote. Dampa, yaani sahani yenye springi za kupunguza mishtuko kwenye flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), huuzwa peke yake. Inunue hapo hapo, maana springi zake zikivunjika ndipo injini ikizunguka polepole bila mzigo husikika kelele ya kugongagonga. Loweka diski mpya kwenye ATF (oili ya giaboksi otomatiki) kabla ya kufunga. Pitisha ukucha pale sili ya nyuma inapokaa kwenye flenji (sahani inayounganisha giaboksi na shafti ya rafadha): ukikwama kwenye mfereji, sili mpya itavuja vilevile.

Lakini diski haziungui bure. Mara nyingi kosa ni kebo: mkono wa gia haufiki mwisho, kigololo kinachoushika mkono huo hakiingii kwenye tundu lake, presha inapungua na diski zinateleza. Chomoa kebo, sukuma mkono kwa vidole, kisha urekebishe kebo ifuate hapo. Pampu nayo ina mshale. Ikifungwa kinyume na mzunguko wa injini haitoi presha kabisa. Oili ikiwa na rangi ya maziwa ya waridi, maji yameingia, na mara nyingi ni kipoza oili kimetoboka. Badilisha kipoza na hosi, umwage na kujaza ATF mpaka itoke nyekundu safi. Bila hivyo seti nzima ni pesa ya bure. Pima oili mara tu unapozima injini, kabla iliyo kwenye kipoza haijarudi chini.

2. Giaboksi iliyokarabatiwa, kwa kubadilishana na yako mbovu. Dai matokeo ya kipimo cha presha. Kwa aliye Mombasa au Dar es Salaam, gharama ya kumrudishia muuzaji ile mbovu yenye zaidi ya kilo 40 hula nafuu yote.

3. Mpya ya aina nyingine. Linganisha urefu, matundu ya boliti na upande inakozungushia rafadha. Nyingi shafti yake hutokea chini zaidi, kwa hiyo itabidi unyanyue maunti za injini.

4. Mtumba. Nunua kwa ajili ya bodi na gia tu. Oili ikinuka kuungua au ikiwa na chembe za chuma, bei ishuke sana, na usiifunge bila kuifungua yote.